Makarani wa Tanga

Kabla Wadachi hawajasimamisha boma lao Tanga, mtoto wa mji ule alikuwa na chuo cha kupelekwa, na chuo hicho kilikuwa baraza ya mwalimu, mkeka, ubao, wino na juzuu. Naye aliyehitimu alitoka akijua kusoma Kurani, na pengine kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini hakutoka akitazamia kuajiriwa kwa sababu ya hitima yake. Kazi ilipatikana kwingine: mvuvi alimrithisha mwanawe ngarawa pamoja na maarifa ya bahari, seremala alimchukua mtoto wa nduguye akamfundisha randa na msumeno, na tajiri wa misafara alimwamini yule aliyemjua nasaba. Aliyezama sana katika elimu alifikia ukadhi au ualimu. Wengine wote iliwaacha katika riziki ya baba zao, ila majirani waliwastahi zaidi. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa sisi tuliozaliwa baadaye twaelekea kudhani kwamba shule na mshahara ni ndugu wa tumbo moja tangu dunia kuumbwa, hali undugu wao, katika pwani yetu, hauvuki sana nyuma ya miaka ya 1890.

Ni katika miaka hiyo, zama za Gavana Julius von Soden, ambapo Tanga ilipata shule ya serikali isiyofundisha dini, ili wazee wa Kiislamu wasihofu kuwatoa watoto wao, jambo lililowaudhi wamishionari. Sababu yake haikuwa huruma. Nchi ile ilikuwa kubwa kuliko Udachi wenyewe, nao waliotumwa kuitawala walikuwa wachache. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890, ilidai daftari na stakabadhi katika kila wilaya. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikielekea Usambara ilihitaji watu wa kuandika mizigo na kukata tikiti. Forodha, posta na simu navyo vilitaka mikono iliyozoea kalamu. Kuleta karani kutoka Ulaya kulikuwa ghali mno, kwa hiyo serikali ikaazimia kumfanya karani papo hapo, kwa lugha iliyokwisha kutembea na misafara hata maziwa makuu.

Mwanzoni maofisa walipokea, na hata kupeleka, barua za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, na wajuzi wa pwani walipata nafasi kwa elimu waliyokuwa nayo. Kisha herufi za Kirumi zikashika bomani, kidogo kidogo, mpaka ikawa mzee aliyeandika kwa mkono mzuri tangu ujanani, aliyesuluhisha mirathi ya mitaa mizima, akifika mezani kwa serikali anahesabiwa pamoja na wasiojua kusoma, na kijana wa miaka michache ya shule anaketi kitini akimsomea barua inayomhusu mwenyewe. Sioni katika habari hii yote dhuluma iliyotendeka kwa ukimya kuliko hiyo. Hakuna aliyevifunga vyuo wala kuwakataza waalimu. Ila riziki ilihamishwa upande mmoja, na wazazi, ambao hawakuwa wajinga, wakaiona ilikohamia.

Shule ya Tanga ilifundisha kwa Kiswahili, na waliopanda madarasa waliongezewa Kidachi. Kulikuwa na karakana za useremala na uchapaji, na bendi ya tarumbeta iliyopendwa mjini. Katika mtambo wa shule hiyo lilichapwa gazeti la Kiongozi, tangu mwaka 1904, likapelekwa hata mabomani mwa bara, ambako waliokuwa wanafunzi wa Tanga walikwisha kutawanyika wakiwa makarani, waalimu na maakida, wakisoma ndani yake habari za wenzao. Wanafunzi walikuwa wavulana. Binti hakupewa nafasi, kwa kuwa boma halikuwa na kiti cha kumweka. Na heshima ya kalamu haikuwafikia watu wote kwa sura moja: vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandamwa, kwani kwa mkulima aliyelimishwa pamba kwa nguvu, mtu wa daftari alikuwa ndiye kodi yenyewe imevaa kanzu.

Waingereza walipoiteka Tanga, Julai 1916, Kidachi kilipoteza thamani, na aliyekitegemea kupanda cheo ilimbidi kuanza upya kwa Kiingereza. Walioneemeka ni waliokwisha kuwa nacho, hasa wale waliosomeshwa na misheni kule Kiungani, Unguja. Mmoja wao, Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, alifikia kuwa karani mkuu wa ofisi ya Tanga. Na mwaka 1922, hapo hapo mjini, aliwakusanya watumishi wa serikali Wakristo kwa Waislamu katika chama cha kutetea hali zao, kimojawapo cha vyama vya mwanzo vilivyowaunganisha watu kwa kazi yao, bila kuulizana kabila. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata akapewa cheo katika Makao Makuu ya serikali Dar es Salaam ambacho hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amekifikia. Lakini juu yake palikuwa na dari. Utumishi uligawanywa kwa rangi, Mzungu, Mhindi, Mwafrika, kila mmoja na mshahara wake; hivyo elimu ilimpandisha mtu ndani ya fungu lake, nayo haikumtoa humo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alimaliza masomo yake Dar es Salaam, akaingia ukarani wa forodha Pangani mwaka 1926, akakaa huko hata 1944. Kisha idara ya wanyama wa pori, ofisi ya jimbo Tanga, na idara ya upimaji mpaka 1960. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwandishi ambaye lugha yetu haijapata mwingine wa kumpita alikuwa mtumishi wa ngazi za chini, kwa kuwa cheti chake kilihesabiwa, na fahamu zake hazikuwa na mahali pa kuandikwa katika jedwali la mishahara.

Uhuru ulipokuja, dari ile iliondolewa kwa haraka, na kwa miaka michache cheti cha darasa la kumi kiliweza kumfikisha kijana mahali ambapo Kayamba alipafikia baada ya utumishi wa miaka mingi. Nafasi zikajaa, shule zikaongezeka, na waliomaliza darasa la saba wakaanza kurudi vijijini bila kazi waliyoahidiwa na matumaini ya wazazi wao. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilijaribu kuukata undugu ule wa shule na mshahara, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likathubutu zaidi: aliyetoka kidato cha sita alitakiwa kwanza kwenda kufanya kazi, na kabla chuo kikuu hakijampokea, mahali pake pa kazi na tawi la chama tawala viliulizwa habari zake. Utaratibu huo haukudumu kwa ukamilifu wake. Hata hivyo, kwa muda huo mfupi, aliyetaka shule ya juu ndiye aliyelazimika kuonyesha kwanza kazi aliyoifanya.