Jopo la Waandishi wa Hadithi Fupi za Upelelezi: Wametoka Wapi, Wanazungumza Nini?

Mtajie mhakiki wa chuo kikuu hadithi ya upelelezi, na haraka atakupa jina la kuifungia kabatini: fasihi pendwa. Akishasema hivyo basi, shauri limekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuingia kwa mlango mwingine. Tutawatazama watunzi wenyewe wanapoketi mbele ya wasomaji wao na kuulizwa, hebu tuambieni, mnaifanyaje kazi hii?

Mahali penyewe ni kongamano liitwalo Bouchercon, lililoanza mwaka 1970 huko Santa Monica, California. Tangu hapo limekuwa likihama mji hadi mji karibu kila mwaka. Mwaka 1990 lilivuka bahari hadi London, na 1995 likafanyika Nottingham. Jopo ndiyo desturi yake kuu. Watu wanne au watano huketi nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti huwachokoza kwa maswali, kisha wasomaji nao hupewa nafasi. Hakuna anayesoma mhadhara. Baada ya kama saa moja wanatoka, na watu wanapanga foleni na vitabu vyao kutiwa saini.

Utaratibu huu wapenzi wa upelelezi hawakuubuni wao. Waliuazima kwa jirani zao, mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, waliokuwa na kongamano lao la dunia tangu 1939 pale New York. Kiungo cha jamii hizo mbili alikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyelipa kongamano jina lake: Anthony Boucher. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Anthony Parker White. Alizaliwa Oakland mwaka 1911, akafa 1968, miaka miwili tu kabla ya kongamano la kwanza. Alitunga, alihariri, aliandika michezo ya redio ya Sherlock Holmes, na kwa miaka mingi alihakiki vitabu vya upelelezi katika gazeti la New York Times.

Boucher ana jambo moja ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hatuna budi kulikumbuka. Mwaka 1948 jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine lilichapa hadithi ya Mwargentina ambaye wasomaji wa Kiingereza hawakuwa wakimjua, Jorge Luis Borges: ile ya jasusi na bustani yenye vijia vinavyogawanyika. Mfasiri alikuwa Boucher. Yaani Borges huyuhuyu tunayemsoma leo kwa heshima zote, mlango wa Kiingereza alifunguliwa na jarida la upelelezi la kununua barabarani! Tena yeye na rafiki yake Bioy Casares walikuwa wameshatoa, mwaka 1942, kitabu cha hadithi fupi ambazo mpelelezi wake amefungwa jela na anafumbua kila fumbo akiwa palepale seli. Sasa mtu aniambie mpaka wa fasihi pendwa na hiyo nyingine unapita wapi.

Lazima pia tukumbuke nani mkubwa kwa umri. Riwaya ya upelelezi ni mdogo mtu. Edgar Allan Poe alianza na hadithi fupi mwaka 1841. Conan Doyle alimtoa Holmes katika riwaya mwaka 1887, wala mambo hayakuchangamka sana; umaarufu ulimjia 1891, hadithi fupi zilipoanza kutoka katika jarida la Strand. Kazi za Holmes ni riwaya nne na hadithi fupi 56. Lakini baadaye riwaya ndiyo iliyoshika fedha na vichwa vya habari, na mwenye hadithi fupi akawa mtu wa kukaa pembeni. Kwa hiyo katika kongamano kama hili jopo la hadithi fupi lina uzito wake. Ni mkubwa aliyenyang'anywa kiti, sasa amepewa kipaza sauti.

Na anapokipata, anazungumzia nini? Ufundi. Katika riwaya unaweza kuwa na washukiwa kumi na kupotea njia mara tatu. Katika kurasa kumi na tano huna anasa hiyo. Dalili moja itafanya kazi ya tano, na lazima ifichwe waziwazi. Poe alifanya hivyo kwa mashahidi wake: kila mmoja anaapa kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa ya mgeni, na kila mmoja anataja lugha asiyoijua yeye. Msomaji anadhani wanapingana, kumbe wote wanathibitisha jambo moja. Doyle naye alitumia mbwa ambaye usiku wa tukio hakubweka. Hapo dalili ni kutokuwepo kwa kitu, nayo haihitaji hata sentensi ndefu.

Aliyeishi ndani ya umbo hili kuliko wengine ni Edward D. Hoch wa Rochester, New York. Alitunga hadithi fupi zaidi ya 900, na kuanzia Mei 1973 jarida la Ellery Queen lilitoa hadithi yake katika kila toleo kwa zaidi ya miaka 34. Mmoja wa wahusika wake ni mwizi, Nick Velvet, anayekubali kuiba vitu visivyo na thamani tu. Tazama hila yake: swali la "nani kaua?" limeondoka, limekuja "kwa nini mtu alipe fedha nyingi aibiwe takataka?" Swali la namna hiyo linatosha kurasa ishirini. Ukilivuta likawa riwaya, litakatika.

Jambo lingine wanalozungumza ni njaa, tusifichane. Chama cha waandishi wa upelelezi wa Marekani, kilichoundwa 1945, kina kaulimbiu ya utani kwamba uhalifu haulipi vya kutosha. Hadithi fupi hulipwa kwa hesabu ya maneno, na majarida yamekuwa yakizimika: Manhunt lilikufa 1967, Mike Shayne likafuata 1985. Ellery Queen, lililoanza 1941, limebaki, ila tangu 2017 linatoka mara sita tu kwa mwaka.

Kwetu je? Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi ya Kiswahili, nasaba yao na Holmes ikionekana wazi. Akaja Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Musiba na Mtobwa. Wote hawa tunawakumbuka kwa vitabu vya riwaya. Kwa maoni yangu vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni jarida la kulipa mara kwa mara na mhariri mwenye jicho la Boucher.

Abdulla alifariki 1991. Mtobwa alifariki 2008, mwaka uleule wa Hoch. Waliopo hai wanaweza kualikwa: ukumbi wa mihadhara tunao, meza ipo, viti vinne havitatushinda. Mimi nitakuwa na swali moja la kuanzia: je, mlikuwa mnamjua muuaji kabla ya kuandika sura ya kwanza, au mlimkuta njiani kama sisi?