Wagonjwa Sita wa Tete

Leo tutazungumza kidogo juu ya historia, tuone jinsi wagonjwa wenyewe walivyosaidia kurekebisha huduma za afya.

Mwaka 1983, mjini Denver, Marekani, watu waliokuwa wakiugua UKIMWI walitoa tamko. Walikataa kuitwa wahasiriwa, wakadai kushirikishwa katika maamuzi yanayohusu maisha yao. Hapa Kenya, Bw. Joe Muriuki alitangaza hadharani kwamba ana virusi. Siku hizo, mtu aliyesema hivyo aliweza kutengwa hata na jamaa zake. Kisha Desemba 1, 1994, nchi 42 zilitia sahihi Azimio la Paris, zikikubali kuwashirikisha watu wanaoishi na virusi.

Lakini kutia sahihi ni jambo moja, na kubadilisha kazi ya kliniki ni jambo jingine. Twende Msumbiji, katika jimbo la Tete. Dawa za ARV zilitolewa bure, lakini mgonjwa alitakiwa kuzifuata kila mwezi. Wengi walitembea mwendo mrefu, au walitafuta nauli, kisha wakapanga foleni siku nzima. Wengine walichoka wakaacha dawa. Na ukiacha dawa, msikilizaji, virusi huongezeka tena mwilini.

Mwaka 2008, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na wizara ya afya wakawakabidhi wagonjwa sehemu ya kazi hiyo. Wagonjwa waliokuwa na afya nzuri waliunda vikundi vya watu hadi sita. Kila mwezi walikutana kijijini, wakahesabu tembe zilizobaki na kuulizana hali. Kisha mmoja alikwenda kliniki, akapimwa yeye mwenyewe, akatoa ripoti ya wenzake na kuwaletea dawa. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya mwingine.

Matokeo yake? Baada ya miaka minne, zaidi ya wanachama 9 kati ya 10 walikuwa bado wanaendelea na matibabu. Wauguzi nao wakapata muda wa kuwahudumia waliozidiwa.

Mwaka 2016, mwongozo wa matibabu wa Kenya pia uliruhusu vikundi vya aina hii kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anaijua dawa. Mgonjwa anaijua njia ya kuifikia. Ukiona safari au foleni inakushinda, usiache dawa kimyakimya. Mweleze mhudumu wako, mtafute njia pamoja. Na ukijisikia vibaya, usingoje zamu yako: nenda kliniki mara moja.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ni jambo gani linalowafanya watu wa kwetu kuacha dawa?
2. Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini juu yake?