Msaada unaotegemea utendaji

Wizara zetu nchini Tanzania zimekuwa na majina yake ya msaada wa namna hii: elimu Mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, afya malipo kwa ufanisi. Yote mawili husema kitu kimoja: kazi ifanyike, ihakikiwe, ndipo fedha itoke. Istilahi "msaada unaotegemea utendaji" ni pana kuliko hizo, maana hupima pia mwenendo wa serikali kabla haijapewa hata senti.

Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, liliundwa mwaka 2004 kwa msingi huo. Nchi hupewa alama katika mambo mengi, lakini udhibiti wa rushwa ni kizingiti: lazima nchi iipite alama ya nchi iliyo katikati ya kundi lake la kipato. Tanzania ilivuka. Februari 2008 marais Bush na Kikwete walitia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698, uliozaa barabara ya Tunduma–Sumbawanga na kebo ya umeme iliyopita chini ya bahari hadi Unguja.

Je, kizingiti hicho hupunguza rushwa? Sakata la Escrow ya Tegeta, la fedha zilizochotwa katika akaunti iliyohusu mkataba wa umeme wa kampuni ya IPTL, linatoa jibu la nusu. Mwaka 2014 wafadhili wa bajeti walizuia fedha zao, na MCC ikataka hatua thabiti kabla ya mkataba wa pili. Kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Nishati walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi ameondolewa. Moto uliwashwa na Bunge na magazeti, wala wasinyang'anywe sifa hiyo. Fedha iliyozuiliwa iliuchochea.

Kinachonitia shaka ni kipimo chenyewe. Alama ya rushwa hujengwa juu ya maoni ya wataalamu, wafanyabiashara na wananchi, nayo hupanda polepole. Waziri anaweza kuondoka leo na alama ikabaki palepale. Kisha Machi 2016 mkataba wa pili, wa dola milioni 472, ukasitishwa kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao, wakati Rais Magufuli akiwatumbua watumishi kwa ubadhirifu. Jibu lake lilikuwa kuwahimiza Watanzania wajitegemee.

Kwa hiyo ningependa mkataba wa msaada utaje utendaji unaodaiwa: hoja za Mkaguzi Mkuu zijibiwe kwa tarehe iliyopangwa, na mikataba ya kununua umeme, kama ule wa IPTL, iwekwe mezani Bungeni kabla ya kusainiwa.