Shikamoo, Mwalimu

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, mzee akipita njiani watu wakamwamkia "Shikamoo, Mwalimu", mgeni hana budi kuuliza: mwalimu wa shule gani? Huenda kweli alistaafu shule ya msingi. Huenda pia hajawahi kupokea mshahara wa serikali hata mwezi mmoja, ila ndiye anayeongoza ibada Jumapili padri asipofika, anayewaandaa watoto kwa komunyo ya kwanza na anayesimama kaburini na kitabu cha sala mkononi. Kwa watu wa huku Buha, nchi ya Waha, mwalimu wa shule na katekista jina lao ni moja, nami naona historia ya elimu yetu imefichwa humo.

Injili ilifika ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mapema, milimani ikachelewa. Waingereza wa London Missionary Society waliingia Ujiji mwaka 1878. Mwaka uliofuata wakaja Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868. Wakati huo Ujiji palikuwa mahali pa pembe za ndovu na watumwa, na wamisionari watatu waliojaribu kukaa Rumonge, pwani ya Burundi, waliuawa Mei 1881. Kusini zaidi, kule Karema, alihudumu tangu 1889 Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa uganga huko Malta. Alitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ukitaka kuelewa katekista wa Buha alitokana na mfano gani, anza na Atiman: mtu mmoja, maarifa ya mwili na ya roho mkononi mwake, asiyeona mpaka kati ya hayo mawili.

Huko juu, penye ukungu wa asubuhi na migomba, falme za Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na Mwami, ng'ombe na ngoma zake. Zilikuwa pia na Imana. Mungu hakuletwa Buha ndani ya sanduku la mmisionari. Watu walikuwa wakiwapa watoto wao jina lake. Majina kama Habimana na Bigirimana yapo pande zote mbili za mpaka wa Burundi. Hata hivyo, jirani zetu wa Rwanda walishuhudia Mapadri Weupe wakifundisha kwa miongo mingi kwa neno "Mungu" la Kiswahili, kwa kuogopa kwamba Imana lilibeba mambo ya kale. Hofu hiyo naiona ilikuwa hasara. Mtoto anayefundishwa kwamba Mungu wa bibi yake hakuwa Mungu huanza masomo kwa kukata mzizi.

Lakini mapadri hao walileta subira ambayo leo hatuna. Lavigerie aliagiza kwamba atakaye ubatizo ajiandae miaka minne. Miaka minne! Ndiyo maana kwa wazee wengi "kusoma" na "kusali" yalikaribia kuwa neno moja: ulisomea ubatizo. Mtihani wako haukuwa wa kupata kazi bali wa kusimama mbele ya watu na kuikiri imani uliyoielewa.

Shule yenyewe ilikuwa kibanda. Nguzo za miti, paa la nyasi, magogo ya kukalia. Tundika rimu ya gari mtini na kengele imepatikana. Katekista anaandika ba, be, bi, bo, bu kwa chaki, watoto wanaimba nyuma yake, halafu ubao huohuo unafutwa kwa kiganja na inaandikwa sala. Hakuna aliyetangaza kipindi kimekwisha na kingine kimeanza. Jumapili magogo yaleyale yalikaliwa na wazazi.

Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia maaskofu waliokutana Dar es Salaam jambo la kushtua: pale nguvu zisipotosha kwa kanisa na shule pamoja, shule itangulie. Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa imeanza kutoa ruzuku kwa shule zilizofikia viwango vyake. Kibanda cha katekista hakikuvifikia. Taratibu akawekwa kando mbele ya mwalimu mwenye cheti, na hapo ndipo jina moja lilipoanza kubeba watu wawili.

Miaka ya 1930 malale yaliwafanya watawala wakusanye watu wa sehemu za Buha katika makazi mapya, mbali na mbung'o. Miaka hiyohiyo wamisionari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) kutoka Australia walianza kazi kwa Waha. Baadaye Waadventista wakajenga hospitali ya Heri. Ushindani wa madhehebu uliumiza, ila uliongeza madarasa. Mwaka 1946 Kigoma ikawa vikarieti ya Kikatoliki, na mwaka huohuo kiti cha Mwami wa Heru kikakaliwa na mwanamke, Theresa Ntare. Waanglikana walipopata Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966, makao yake yaliwekwa Kasulu chini ya Musa Kahurananga, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 1979.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kusoma kuliondoa umaskini. Vijana wengi wa Buha waliojua kusoma katekisimu waliishia manamba, wakikata mkonge Tanga.

Kisha zikaja Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere mwaka 1967 na Sheria ya Elimu ya 1969. Shule za misheni zikawa za umma. Ninaunga mkono uamuzi ule: mtoto wa Mwislamu wa Ujiji hakupaswa kuomba ruhusa ya padri ili asome. Dini ilibaki na kipindi chake kwenye ratiba. Siku ya kipindi hicho darasa hugawanyika: Wakatoliki chini ya mwembe, Waanglikana chumba cha darasa la tano, Waislamu kwa ustaadhi wao. Na anayekuja chini ya mwembe, mara nyingi kwa baiskeli na bila posho, ni yuleyule katekista aliyewekwa kando.

Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta wakimbizi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilipokea Warundi, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2015. Humo watoto wamekuwa wakisoma kwa mitaala ya nchi walikotoka. Ukikuta turubai limefungwa kwenye miti, huwezi kujua kwa kutazama kama ni darasa au kanisa mpaka uulize leo ni siku gani. Mbele yake anasimama mtu na kipande cha chaki, mkimbizi kama wanafunzi wake, nao wanamwita Mwalimu.