Klabu ya mashabiki isiyo na kadi

Leo naweka programu kando kidogo tuongee katuni, ingawa mwishowe nitawarudisha kwenye simu tu, mtanisamehe.

Mwaka 1964 kampuni ya Marvel kule New York ilianzisha klabu rasmi ya mashabiki, Merry Marvel Marching Society. Unatuma dola moja kwa posta, unaletewa kadi ya uanachama, beji na sahani ya santuri yenye sauti za watu wa Marvel wenyewe. Barua za mashabiki zilipitia mikononi mwa Flo Steinberg, katibu wa Stan Lee.

Nairobi tulikuwa na jarida la Joe, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoanza 1973 na kufa 1979. Lakini klabu hasa ilikuja 2010, na wala haikujiita klabu. Nasema Shujaaz, ya kampuni ya Well Told Story. Boyie amemaliza kidato cha nne, hana kazi, basi anajitengenezea studio ya redio chumbani na kurusha matangazo kama DJ B, wazazi hawana habari. Lugha ni Sheng. Bei ni bure: ilikuwa ndani ya gazeti la Nation la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa, zaidi ya nakala 500,000 kwa mwezi.

Yangu niliichukua kwa wakala Kawangware, nikaisoma ndani ya matatu namba 46. Jirani yangu alisoma juu ya bega langu mpaka mjini. Niliposhuka nikamwachia. Kwa hiyo hesabu ya nakala haikuambii hesabu ya wasomaji, sawa?

Kilichonivutia ni hiki: ulikuwa unaweza kumwandikia Boyie SMS, naye anajibu, kwa Sheng ileile. Namba yako ya simu ndiyo kadi yako. Na watu hawakuandika kuomba picha yenye saini. Katuni ilikufundisha kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwachukue. Msomaji wa namna hiyo anauliza mambo ya kazi, mtaji, mapenzi.

Hebu fikiria kama mtengenezaji programu. Boyie hayupo, nyuma yake kuna watu wanaopokezana zamu. Kijana wa Kangemi akieleza shida yake Jumatatu, anayejibu Jumanne lazima aione historia yote, la sivyo rafiki anageuka mgeni. Mwaka 2012 Shujaaz walipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, na ilikuwa ya upande wa kidijitali, si ya karatasi. Waamuzi waliona mbali.

Ila kuna jambo linanikosesha raha. Marvel walijua jina na anwani yako, basi. Hapa siri za vijana zinakaa kwenye hifadhidata, kila moja na namba yake, na Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data hadi 2019. Tena laini isiyotumika hupewa mtu mwingine. Ukijibu ujumbe wa zamani, unajibu nani?

Mwaka 2015 Tanzania nao wakapata Shujaaz yao, na DJ Tee wao. Hiyo nitaiandikia siku nyingine.

Mwenye nakala za 2010 tafadhali asifungie maandazi. Nazitafuta.