Saa Moja Yenye Saa Mbili

Mtaani kwetu alikuwapo mzee aliyevaa saa ya mkononi ambayo sisi watoto wa shule tuliihesabu mbovu. Jua likichomoza, mishale yake ilionyesha kumi na mbili, wakati saa za baba zetu zilionyesha sita. Mwalimu alikuwa ametufundisha kutazama namba moja na kutamka nyingine iliyo upande wa pili: mshale ukiwa kwenye saba, sema saa moja. Mzee hakuitaka hesabu hiyo. Aliitega saa yake isome kama anavyosema, akamaliza. Binti yake aliyeolewa Muscat akipiga simu, mzee alijumlisha saa moja kichwani na kumuuliza kama wameshakula.

Nilimkumbuka mzee huyo miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za watu wanaokusanya saa za mkononi zenye kuonyesha nyakati za mahali zaidi ya pamoja. Kwao ni jambo la kutolea fedha nyingi kwamba mkono mmoja ubebe wakati wa hapa na wakati wa kule. Kwetu sisi, kila anayesoma saa anabeba nyakati mbili tangu darasa la pili, na lugha yenyewe haimsaidii: "saa mbili" ni muda, ni wakati wa asubuhi, na ni vifaa viwili mezani kwa fundi.

Saa ya nyakati mbili ilizaliwa na usumbufu wa reli. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, jua likifika utosini. Bristol, iliyo magharibi mwa London, huifikia adhuhuri dakika kama 10 baada ya London, na hilo halikumuudhi mtu hadi treni zilipoanza kukimbia kati ya miji hiyo. Mwaka 1840 kampuni ya Great Western Railway iliamua kufuata wakati wa London katika vituo vyake vyote. Abiria wa Bristol aliyetegemea saa ya mjini akawa anaachwa na treni. Saa ya jengo la Corn Exchange, iliyowekwa mwaka 1822, ikaongezewa mshale wa pili wa dakika: mmoja wa Bristol, mmoja wa London. Mji ulikubali wakati wa London mwaka 1852, lakini saa ile ingalipo na mishale yake yote miwili, na watalii huipiga picha.

Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuamua mstari wa kuanzia kuhesabu longitudo za dunia. Kutoka Afrika ilikuwapo Liberia tu. Greenwich ilipata kura 22, moja ikapinga, Ufaransa na Brazil hazikupigia upande wowote. Kanda za saa tulizonazo leo zilijengeka pole pole baada ya hapo, tena bila unyoofu: kwa miaka kadhaa ya ukoloni Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Robo saa hiyo iwekeni kando, tutairudia.

Upande wa Waothmani shida ilikuwa nyingine. Wao, kama wazee wetu, walihesabu saa kuanzia machweo. Ila Istanbul iko mbali na ikweta, machweo yake huhama kila msimu, kwa hiyo saa ilibidi itegwe upya kila mara. Mwenye shughuli na Wazungu alihitaji hesabu zote mbili, na ndiyo maana zilitengenezwa saa za mfukoni zenye nyuso mbili, moja ya Kituruki na moja ya Kizungu. Uturuki iliifuta hesabu ya machweo kuanzia Januari 1926. Pwani yetu, ambako magharibi haihamihami sana, mzee wa mtaani aliweza kuitega saa yake mara moja na kuisahau.

Aliyeingiza dunia nzima ndani ya saa moja alikuwa fundi wa Carouge, kando ya Geneva, aitwaye Louis Cottier. Alizaliwa 1894, akafanya kazi katika karakana ndogo nyuma ya duka la mkewe. Mwaka 1931 alikamilisha mtambo ambao ukiutazama unajiuliza kwa nini hakuna aliyeuwaza mapema. Katikati kuna mishale ya kawaida inayosoma wakati wa hapa. Kuizunguka kuna duara la namba 24 linalorudi nyuma, kinyume cha mishale, mzunguko mmoja kwa siku. Nje ya duara hilo kuna majina ya miji. Jicho likienda kwenye mji, namba iliyo mbele yake ndiyo saa ya huko.

Patek Philippe na Vacheron Constantin walimpa kazi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, saa za mfukoni za mtambo wake zilitengenezwa kwa ajili ya Churchill, de Gaulle, Stalin na Truman. Mwaka 1953 Patek walitoa saa ya mkononi yenye namba 2523, ikiwa na vichwa viwili vya kutegea, kimoja cha mishale na kimoja cha miji. Baadhi zilikuwa na ramani ya bara katikati, iliyochorwa kwa nyuzi za dhahabu na enameli. Wakati wake haikuchangamkiwa. Novemba 2019 moja yake, ya dhahabu nyekundu na uso wa buluu, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa karibu dola milioni 9 za Marekani.

Nitakiri kwamba saa hizo za Cottier nazitazama kama ninavyotazama majumba ya wafalme: nafurahi yapo, na kukaa humo siwazi. Moyo wangu uko kwa marubani.

Rubani anapovuka bahari hafanyi kazi kwa saa ya alikotoka wala ya anakokwenda. Hesabu zake zote ni za Greenwich. Mwaka 1953 kampuni ya Glycine ya Uswisi ilitoa Airman, saa ambayo mshale wake wa saa huzunguka mara moja tu kwa siku, kwenye uso wa namba 24. Wanajeshi wa Marekani waliivaa sana Vietnam. Mwaka 1955 Rolex wakaja na GMT-Master, iliyohusishwa na kampuni ya ndege ya Pan Am. Wao walibakiza uso wa kawaida wa saa 12, wakaongeza mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa siku, na pete ya nje yenye namba 24 inayogeuzwa kwa vidole. Pete hiyo ilikuwa na rangi mbili: nyekundu kuanzia 6 hadi 18, buluu kwa saa zilizobaki. Nyekundu mchana, buluu usiku. Mswahili haelezwi zaidi: nyekundu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni.

Rafiki yangu anayo moja kuukuu, nami nimeijaribu juu ya meza yake. Igeuze pete robo mzunguko, alama ya pembetatu ifike mahali palipokuwa na 6, na ule mshale wa nne utasoma Kiswahili. Saa moja asubuhi unaonyesha 1, adhuhuri unaonyesha 6, na magharibi unafika 12. Usiku inabidi utoe kumi na mbili, si kazi kubwa. Ila rangi zitakudanganya, maana nyekundu sasa inaanza saa sita mchana na kuendelea hadi usiku wa manane.

Pete za kwanza zilikuwa za bakelaiti, na namba zake zilitiwa rangi ya kung'aa gizani yenye mionzi ya strontiamu. Mwaka 1959 zilirudishwa kwa sababu hiyo, na nafasi yake ilishikwa na za alumini. Bakelaiti zilizobaki hupasuka kirahisi, kwa hiyo pete nzima ya asili ni kitu adimu, na hapo ndipo wakusanyaji wanapoanza kunishangaza. Saa ya pete ya alumini, namba 1675, ilitengenezwa hadi karibu mwaka 1980. Jua la miaka mingi huipausha: nyekundu inageuka waridi, buluu inakuwa kama anga la asubuhi, na uso mweusi wa baadhi huiva ukawa kahawia. Kila mtu mwingine duniani angeita hiyo saa iliyochakaa. Mkusanyaji huilipia zaidi kuliko iliyotoka kabatini. Wapo hata wajanja wanaozilowesha pete katika dawa ya kung'arishia nguo ili zizeeke kwa usiku mmoja. Majina wanayoziita nayo hayana makuu: nyekundu na buluu ni Pepsi, nyekundu na nyeusi ni Coke.

Kilele cha mapenzi haya ya makovu ni saa ya Marlon Brando. Akiigiza katika filamu ya Apocalypse Now, iliyopigwa Ufilipino, Brando alivaa 1675 yake mwenyewe isiyo na pete kabisa. Nyuma alikuwa amekwangua kwa mkono: M. Brando. Sehemu iliyoifanya saa hiyo ijue nyakati mbili haikuwapo, yaani kwa kazi iliyoundiwa ilikuwa kilema. Desemba 2019 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 1.9. Aliyeinunua hawezi kuitumia kujua ni saa ngapi London kwa kugeuza chochote.

Kasoro ya saa hizi za zamani imo pia katika uzima wake. Mshale wa nne wa 1675 umefungwa kwa ule wa saa, inakwenda pamoja. Ukisafiri, ni kusimamisha au kugeuza pete. Mwaka 1983 ndipo Rolex walipoutenga mshale wa saa, ukaweza kuruka saa nzima nzima peke yake. Nayo miji ya Cottier hutembea kwa saa kamili. Nepal, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 5 na dakika 45, haimo katika duara lake, kama ambavyo Nairobi ya robo saa isingekuwamo.

Casio ya plastiki inaiweza. Ninayo AE-1200, ile yenye kiramani cha dunia kwenye kona na betri ya miaka 10. Kathmandu imo. Nairobi na Dar es Salaam hazimo, hivyo wakati wa nyumbani nimeutega kwa Jeddah, tulio nao sawa. Wakati wa pili ni wa Dubai, ambao ndio wa Muscat. Wa tatu ni London, kwa ajili ya mpwa wangu.

Wa nne nimeupa Tokyo. Huko sina ndugu wala biashara. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita barabara, kwa hiyo kwetu ikigonga saa moja, Tokyo inaandika moja. Na Alhamisi magharibi ikiingia, wakati ambapo yule mzee alikuwa akianza kuuita usiku wa Ijumaa nasi tukimcheka kwamba Alhamisi haijaisha, dirisha dogo la Tokyo linaanza kuhesabu Ijumaa.