Umri wa Vimondo na Neno "Nusumaisha"

Majabali ya ufukoni Musoma, na yale ya Mwitongo kule Butiama, ni mawe ya kale: miamba ya ukanda huo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata hivyo, habari za mwanzo wa Jua na sayari zake haimo. Habari hizo zimehifadhiwa katika vimondo, na kimojawapo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Kilikuwa na gramu 705 tu.

Urani hugeuka hatua kwa hatua kuwa risasi. Kwa kupima risasi iliyomo vimondoni, Clair Patterson wa Marekani alipata mwaka 1956 umri wa miaka bilioni 4.55. Miaka minne baadaye John Reynolds alikuta katika kimondo cha Richardton gesi ya zenoni-129 iliyozidi kiasi. Mzazi wake ni iodini-129, ambayo nusumaisha yake ni miaka milioni 16 hivi, nayo ilikwisha zamani. Lakini ili mtoto aonekane ndani ya jiwe, sharti mzazi awe aliingia humo angali hai. Basi jiwe hilo liligandamana mapema, iodini ikiwa bado ipo. Kwa vimondo vya jamii ya Ivuna wataalamu walitumia manganizi-53, ambayo nusumaisha yake ni miaka milioni 3.7 hivi, wakatambua kwamba maji yalipita ndani ya mawe hayo katika miaka milioni chache tu ya mwanzo.

Hapa ndipo istilahi inapotutia mashakani. Mwalimu wa Bunda akisema "nusumaisha", mwanafunzi ana haki ya kudhani kwamba nusu mbili zikipita maisha yamekwisha. Sivyo: hubaki robo, kisha thumuni. Kosa, kwa maoni yetu, halimo katika "nusu" bali katika "maisha", kwani kinachopungua ni kiasi. Tungependelea "muda wa nusu". Vivyo hivyo, iodini ile tuiite isotopu "iliyokwisha", wala si "iliyokufa". Kitu kilichokufa huacha maiti yake, nayo haikuacha ila mtoto.

Watakaosema ni taabu kubadili neno lililokwisha kuandikwa wamkumbuke mwenyeji wa Butiama, Julius Nyerere. Alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1963, akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya, hata jina limebadilika: Juliasi Kaizari.